Matumbo Manne ya Ng'ombe na Msumari Mmoja

Wengi wetu twafuga ng'ombe, na kila siku twamwona amelala kivulini akicheua, wala hakuna nyasi mbele yake. Je, ndani yake mna nini? Yafaa tujue, maana asiyeujua mwili wa mnyama wake aweza kumwua pasipo kukusudia.

Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu, ila ufizi mgumu tu. Huzizungushia nyasi ulimi wake, akazikata kwa kuvuta, na kuzimeza upesi kabla ya kuzitafuna sana. Nazo huenda katika tumbo la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa laweza kuchukua lita 100 na zaidi. Humo mna vijidudu wasiohesabika, wasioonekana kwa macho. Hao ndio wavunjao ugumu wa majani. Pasipo hao ng'ombe angekufa njaa katikati ya malisho.

Tumbo la pili ni dogo, na ndani lafanana na sega la nyuki. Kutoka matumbo hayo mawili chakula hurudi kinywani, donge kwa donge, kikatafunwa tena. Kikiisha kulainika hupita tumbo la tatu, lenye kunjo nyingi kama kurasa za kitabu, ambamo maji hufyonzwa. Mwisho hufika tumbo la nne, lenye maji makali ya kumeng'enya chakula, kama tumbo letu sisi.

Sasa angalieni hatari. Kwa kuwa ng'ombe humeza upesi, msumari au kipande cha waya kilichomo katika majani humezwa pia. Kwa uzito wake huangukia katika tumbo la pili, nalo liko mbele kabisa, karibu na moyo. Kati yao pana kiwambo chembamba tu. Tumbo hilo hujikunja kila dakika moja hivi, na kila likijikunja huusukuma waya. Hata siku moja waya hutoboa tumbo na kiwambo, ukafika kwenye mfuko wa moyo.

Dalili zake ni hizi: maziwa hupungua ghafula, mnyama hukataa kula, huupinda mgongo, huguna, tena huogopa kuteremka kilima. Mwiteni mganga wa mifugo mara moja, wala msingoje kesho.

Mifuko ya plastiki nayo hukaa katika tumbo la kwanza, haivunjiki, ikalijaza hata nafasi ya chakula ikakosekana. Kenya iliikataza mifuko hiyo mwaka 2017, na Tanzania bara mwaka 2019. Lakini plastiki za namna nyingine zingali zimetapakaa njiani.

Basi, akina baba, mkiisha kujenga boma, okoteni misumari yote. Akina mama, msitupe waya pamoja na maganda. Nanyi waalimu, wafundisheni watoto kuyakagua majani kabla ya kulisha. Kazi hii ni ya dakika chache, na ng'ombe ni maziwa ya mwaka mzima.