Kliniki ya Macho Isiishie Machoni

Nilizaliwa na mishipa ya fahamu ya macho isiyokomaa. Miwani hainifai, kwani kasoro imo katika njia ipelekayo picha ubongoni. Hata hivyo, kila kliniki niliyopelekwa utotoni iliniandikia miwani, ikaniaga. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini macho yangu hayatulii. Wanauliza vizuri kuliko wataalamu wale.

Mara nyingi mwenye mishipa ya namna hii huwa na hitilafu pia katika tezi ya pituitari, msimamizi wa homoni nyingi za mwili. Mtoto huweza kudumaa. Huweza kushukiwa na sukari. Akiwa na upungufu wa kotisoli, homa ya kawaida yaweza kumuua, nasi tukamzika tukidhani ni malaria. Kinachoanza kutakiwa ni kupima damu, si muujiza! Mimi niliambiwa nipime nikiwa tayari mtu mzima.

Tunajivunia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Basi serikali iagize: mtoto akigundulika na mishipa hiyo, homoni zake zipimwe, kisha zirudiwe kupimwa kadiri anavyokua, maana upungufu huweza kujitokeza miaka mingi baadaye.