Tumeuhesabu Vipi Mwaka Wetu?



Ndugu zangu Waislamu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana wetu mlioko masomoni. Mwaka wa Hijria unapomalizika, na siku hizi hata ule wa Miladia, watu wetu hapa Juba wana mtindo mmoja: kila mtu anatangaza jinsi alivyokua kiroho. Huyu amekhitimisha Qur'ani mara nne. Yule amekwenda Umra, na picha yake mbele ya Al-Kaaba tumeletewa kabla hajavua ihramu. Mwingine amemaliza darsa la tajwidi kwa simu, na kijana wa chuo ana orodha ya malengo kumi, kila moja lina alama ya vema. Mashaallah. Sina ugomvi na khitma wala Umra, Allah awatakabalie. Ugomvi wangu ni na hesabu yenyewe. Nasema kwamba hesabu hii ni ya uongo, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa wanaoiandika.

Kuihesabu nafsi si jambo tulilolizua sisi. Aya ya 18 ya Suratul-Hashr inaiamrisha kila nafsi iangalie imetanguliza nini kwa ajili ya kesho yake. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857 Miladia, jina lake hilo alilipata kwa wingi wa kujihesabu. Na Imam al-Ghazali katika Ihya alilizungumza jambo hili kwa urefu, tena kwa lugha ya sokoni kabisa. Anasema nafsi yako ni kama mshirika uliyempa mtaji akakufanyie biashara. Mtaji ni faradhi, faida ni sunna, hasara ni maasi, na siku inapokwisha mnakaa chini mkaguane hesabu. Sisi wafanyabiashara wa Konyo Konyo tungepaswa kuifahamu lugha hiyo kuliko watu wote! Ni nani kati yetu aliyemkabidhi mtu duka, kisha akubali kuletewa karatasi ya faida tupu, isiyo na mstari hata mmoja wa madeni?

Lakini karatasi ya namna hiyo ndiyo tunayompelekea Allah.

Mimi ninalo daftari la dini. Nililianza Muharram 1446, yaani Julai 2024. Ukurasa wa Rajab unasema: khitma ya pili, alhamdulillah, na funga za Alhamisi zote. Rajab hiyo ndiyo Januari 2025, na mliokuwepo Juba mnajua kilichotokea. Jeshi la Sudan liliingia Wad Madani tarehe 11, kisha zikaenea video za raia wa Sudan Kusini wakiuawa huko jimbo la Al-Jazira. Wenyeji wetu walikuwa na uchungu wa haki, na hakuna wa kuwalaumu kwa machozi yao. Lakini tarehe 16 uchungu ule ukageuka kuwa fujo. Maduka ya Wasudani yakavunjwa na kuporwa, polisi wakatangaza kwamba Wasudani 16 wameuawa nchini, na kuanzia tarehe 17 tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Wengi wa watu wale walikuwa wamekimbia vita vya kwao vilivyoanza Aprili 2023. Ijumaa walikuwa wanasimama safu moja na sisi. (Na sisi tuliokuja kwa barabara ya Nimule, wageni kama wao, tulikuwa tumeshajifunza kuwaita "jalaba" kwa dharau, kwa mdomo ule ule wa dhikri.)

Jirani yangu wa duka, Msudani, alinijia asubuhi moja katika siku zile. Duka lake lilikuwa halijaguswa bado. Alikuwa na magunia ya unga wa ngano, na alikuwa anataka nauli ya kuwaondoa watoto. Hakuja kuomba, alikuja kuuza. Nikamtajia bei, karibu nusu ya bei ya sokoni, naye hakubishana. Mfanyabiashara asiyebishana bei! Hapo tu ningejua. Nikahesabu pesa, nikamuombea dua ya safari, nikapakia magunia. Siku zilizofuata mikate iliadimika mtaani kwetu na unga ule ukaondoka kwa bei nzuri sana. Nikasema Allah ameniruzuku. Ramadhani ilipoingia nikatoa sehemu ya faida nikawafuturisha watoto wa madrasa, na hilo nikaliandika kwenye daftari la dini, kwa wino wa kijani.

Aliyenifichua ni binti yangu anayesoma sekondari. Mwisho wa Dhul-Hijja, Juni 2025, nilimpa madaftari yangu yote mawili, la dini na la duka, aninakilie vizuri kwa sababu mwandiko wangu ni mbaya. Akaniuliza, "Baba, mbona unga wa yule ami Msudani uko kwenye daftari la duka peke yake? Huku kwenye dini umeandika futari tu."

Nilimwambia akanichemshie chai.

Mnaikumbuka hadithi ya muflisi iliyo katika Sahih Muslim? Mtume (S.A.W) aliwauliza Maswahaba ni nani muflisi, wakajibu ni asiye na pesa wala mali. Akawafahamisha kwamba muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, na funga, na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amemwaga damu ya mwingine. Watagawiwa mema yake mpaka yaishe, kisha abebeshwe madhambi yao. Tazameni vizuri, mtu yule hakuwa mvivu wa ibada. Daftari lake la dini lilikuwa limejaa kuliko langu!

Najua majibu yenu, maana nimejijibu hayo hayo. Kwamba mimi sikupora, nilinunua, na biashara ni kuridhiana. Ni kweli, lakini aliyebanwa na hofu ya roho yake ameridhia nini? Mafakihi hawakuipita kimya biashara ya mtu aliyebanwa na dharura, na sisi tusijifanye hatukusikia. Mtasema sisi ni wageni, tungejiingiza vipi wakati hata nyuso zetu ziliweza kutuponza? Hili nalikubali, hofu ile ilikuwa ya kweli na simlaumu aliyefunga mlango wake. Lakini hofu ilinifungisha mlango, haikunipangia bei. Mtasema ibada ni baina ya mja na Mola wake. Hapo ndipo tunapojidanganya hasa. Imam an-Nawawi ameeleza katika Riyadhus-Salihin kwamba dhambi inayohusu haki ya mwanadamu ina sharti la ziada katika toba yake: uirudishe haki kwa mwenyewe. Khitma hairudishi gunia.

Na wazazi, tuangalieni tunawafundisha nini watoto. Mtoto akimaliza juzuu anapigiwa takbira, akipewa zawadi tunampiga picha. Akirudisha chenji iliyozidi dukani tunamwambia alikuwa mjinga. Halafu tunashangaa akiwa mkubwa ana sijda kwenye paji la uso na mishahara ya vibarua mfukoni.

Simu ya jirani yangu haipatikani. Mmoja anasema amerudi Port Sudan, mwingine anasema yuko Kampala. Ustadh niliyemuuliza ameniambia nimtafute kwa bidii kwanza. Nikikata tamaa niitoe sadaka kwa niaba yake, na akitokea siku yoyote akataka haki yake, deni bado ni langu. Tofauti ya bei aliipiga hesabu binti yangu. Nilitaka kuiweka kwa pauni, akakataa. "Baba, pauni inashuka, utamdhulumu mara ya pili." Basi imo ndani ya bahasha, kwa dola, kwenye daftari la dini, ukurasa wa Rajab.

Wabillahi tawfiq.