MTOTO WA MKULIMA RUKSA, MKULIMA MWENYEWE MARUFUKU?

Wadau, leo nataka tumwongelee mtu mmoja ambaye kila jimbo la vijijini nchini Tanzania lina wake. Ni mkulima. Si mkulima wa kwenye makaratasi, yule mwenye ekari mia tano na meneja, la hasha. Ni mkulima wa jembe, wa ekari nne tano, anayejua bei ya mfuko wa mbolea kuliko anavyojua tarehe ya kuzaliwa kwake. Kila baada ya miaka mitano mtu huyu anakwenda kuchukua fomu ya ubunge. Anashindwa, anarudi shambani. Miaka mitano ikipita, huyoo, anakwenda tena.

Mtaani wameshampa majina. Mgombea wa kudumu. Eti ana kichaa cha ubunge. Watoto wakimwona anapita na baiskeli wanamwita "Mheshimiwa" halafu wanakimbia. Magazeti yakimwandika yanamweka ukurasa wa vichekesho, kando ya habari ya ng'ombe aliyezaa ndama mwenye vichwa viwili.

Mimi sicheki. Na nitasema bila kupepesa macho: kile kicheko kina faida kwa watu fulani, na watu hao si wakulima.

Hebu tuanze na unafiki wetu. Nchi hii ina jembe kwenye bendera ya chama tawala. Kwenye majukwaa hakuna kiongozi asiyejua kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Tumepata hata Waziri Mkuu, Mheshimiwa Mizengo Pinda (2008 hadi 2015), aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Mtoto wa Mkulima. Sina ugomvi naye hata kidogo. Alikuwa mwanasheria, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla ya siasa alitumikia Ikulu kwa miaka mingi. Jina lile lilipendwa kwa sababu lilimaanisha kwamba mtu anaweza kutoka kwenye jembe akafika juu.

Lakini tazameni neno lenyewe. MTOTO wa mkulima. Yaani ili tukupende ni lazima uwe umeshatoka shambani. Kilimo kiwe cha baba yako, wewe uwe umevaa suti. Ukisema "mimi ni mtoto wa mkulima" unapigiwa makofi. Ukisema "mimi ni mkulima, naomba kura" unaulizwa: kwani elimu yako ni ya darasa la ngapi? Ukoo ni ule ule, jembe ni lile lile. Tofauti ni kwamba mmoja kalitua na mwingine bado analo mkononi.

Tena tazameni tunavyowahukumu wanaogombea mara nyingi. Profesa Ibrahim Lipumba aligombea urais wa Muungano mara tano: 1995, 2000, 2005, 2010 na 2020. Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad aligombea urais wa Zanzibar mara sita, tangu 1995 hadi 2020. Kuna waliowabeza, ni kweli, lakini wengi waliwaita wanasiasa wenye msimamo, wasiokata tamaa. Mkulima wa Namtumbo au Kibondo akigombea mara tatu, huyo ni chizi. Kumbe uvumilivu nao una daraja! Ukiwa na cheo ni msimamo, ukiwa na kandambili ni wazimu.

Sasa watu wataniambia: kijana, mbona sheria haimzuii? Ni kweli, kwa maandishi haimzuii. Ibara ya 67 ya Katiba inataka uwe raia, umetimiza miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Haitaki digrii. Tume kwa miaka mingi imetaka wadhamini 25 waliojiandikisha jimboni na dhamana ya shilingi 50,000. Mkulima wetu hayo yote anayaweza. Wadhamini 25 anawapata kabla ya jua kuwa kali.

Shida iko kwenye kipengele kinachofuata cha ibara hiyo hiyo: ni lazima uwe umependekezwa na chama cha siasa. Hapo ndipo mlango unapofungwa.

Kwenye chama kuna kura za maoni, na kura za maoni zina bei yake. Kwa miaka mingi fomu ya ubunge ya CCM ilikuwa shilingi 100,000. Mwaka 2025 ikawa 500,000. Tupige hesabu ya kijijini. Mkulima anayeuza gunia la kilo mia la mahindi kwa shilingi elfu hamsini anatoa magunia kumi ili apate karatasi tu. Hajapanda basi, hajabandika bango, hajamnunulia mjumbe hata soda.

Na kalenda nayo imekaa kama imepangwa na adui yake. Fomu zinatoka mwezi wa sita au wa saba, mahindi ndiyo kwanza yanatoka shambani na bei iko chini kabisa. Mwenye akili anahifadhi, anasubiri mwezi wa kwanza au wa pili bei ipande. Mgombea wetu hawezi kusubiri, anauza kwa bei ya kutupa. Kampeni zinakwenda Agosti hadi Oktoba, wakati wenzake wanasafisha mashamba. Mvua ikianza, yeye ndiyo kwanza anarudi nyumbani, hana ubunge na shamba lina vichaka. Mfanyabiashara akishindwa anarudi dukani kwake. Mkulima akishindwa, familia inalipa kwa tumbo msimu mzima.

Halafu kuna ile kitu inaitwa takrima. Wadau mnakumbuka? Mwaka 2000 Bunge lilibadilisha Sheria ya Uchaguzi, likahalalisha mgombea kuwakirimu wapiga kura, eti ni ukarimu wa Kiafrika. Ukarimu gani unaokuja kila baada ya miaka mitano? Ilibidi mashirika ya LHRC, LEAT na NOLA yaende mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu kile. Moja ya hoja ilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata mtoto anaielewa: kinambagua mgombea maskini. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya kuweka ukomo wa matumizi. Nzuri. Lakini kumwekea tajiri dari hakumpi maskini sakafu. Mwenye magari kumi ukimwambia atumie matano, yule wa baiskeli amepata nini?

Na mbunge aliyeko madarakani ana kitu kingine mkononi. Tangu sheria ya mwaka 2009 kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha ni za umma, lakini bati la zahanati likifika kijijini linafika na jina la nani? Mkulima anashindana na mtu anayefanya kampeni miaka mitano mfululizo kwa kodi ya mkulima huyo huyo.

Msiniambie kwamba imekuwa hivi tangu enzi. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili. Alama za kwenye karatasi ya kura zilikuwa mbili tu: JEMBE na NYUMBA. Chama ndicho kilichoandaa mikutano, wagombea wote wawili wakasimama jukwaa moja, mbele ya watu wale wale. Kumwaga fedha za mfukoni ilikuwa marufuku. Matokeo yake? Vigogo walianguka, akiwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Waziri wa Fedha, jamani!

Sisemi turudi kwenye chama kimoja. Mfumo ule ulikuwa na kasoro kubwa: majina mawili yaliteuliwa na Halmashauri Kuu ya TANU, na asiyekubaliana na TANU hakuwa na pa kwenda. Ninachosema ni kwamba miaka ile, nchi ikiwa maskini kuliko leo, tulijua namna ya kumsimamisha mtu asiye na gari mbele ya wapiga kura, akasikilizwa dakika zile zile anazosikilizwa waziri. Tumeendelea, tumepata vyama vingi, na hilo limetushinda.

Kuna wanaosema: wananchi wameshamkataa mara tatu, aheshimu uamuzi. Wananchi gani? Jina lake halijawahi kufika kwenye karatasi ya kura! Limeishia ukumbini, kwa wajumbe. Na hata akiongoza kwa wajumbe, vikao vya juu vinaweza kumkata, kama walivyokatwa wengi mwaka 2020. Mwaka 2025 CCM ilipanua idadi ya wanachama wanaopiga kura za maoni. Ni hatua, naipongeza. Lakini Kamati Kuu ilichuja majina kabla ya wajumbe kupiga kura, na vikao vya juu vikateua baada ya kura. Wajumbe wamekuwa nyama katikati ya mkate. Vyama vya upinzani navyo si malaika, uteuzi wa ofisi ya makao makuu wanaujua vizuri sana.

Dawa ya jambo hili inajulikana tangu miaka ya tisini: mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa haki, Bunge likakimbilia kubadilisha Katiba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo hapo Arusha, ikasema Tanzania inavunja haki za raia wake. Mtikila alifariki mwaka 2015. Hukumu ipo. Mlango bado umefungwa. Ukilirudisha suala hili bungeni unawaomba waamue watu ambao karibu wote waliingia kwa kupitia vyama. Kesi ya nyani, hakimu ngedere!

Sasa wasomi wenzangu, najua mnachotaka kusema. Bunge linatunga sheria, linajadili bajeti ya matrilioni, darasa la saba atafanya nini pale? Mimi nimepita chuo kikuu na sidharau elimu. Lakini Bunge lina wanasheria wa kuandika miswada, lina makatibu, lina wataalamu wa kamati. Kinachokosekana pale si sarufi ya sheria. Kinachokosekana ni mtu ambaye uamuzi ukipitishwa mchana, usiku unamuuma yeye mwenyewe.

Mifano ipo. Mwaka 2011, na tena 2017, Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi. Walaji wa mjini walipumua, mkulima aliyekuwa na magunia ghalani akabaki anayaangalia. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyoondoa mgao wa ushuru wa korosho uliokuwa unarudi kuendeleza zao lenyewe. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wakashindwa kwa wingi wa kura. Novemba mwaka ule ule soko la korosho likavurugika mpaka wanajeshi wakatumwa kuzibeba, kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo iliyotangazwa na Rais. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Mle bungeni, hata huyo mmoja tunamtafuta kwa tochi.

Tuwe wakweli, bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda sana, kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Anayestahili sifa apewe. Lakini bajeti nzima ya nchi mwaka huo ilikuwa trilioni 49 na ushee, na tulishaahidi kule Maputo mwaka 2003 kufikisha asilimia kumi kwa kilimo. Pigeni hesabu wenyewe.

Simaanishi kwamba kila mkulima ni mtakatifu. Mkulima naye anaweza kuwa mwizi, mlevi au mbabaishaji, na wapiga kura wana haki ya kumpiga chini. Lakini wampige chini WAO, kwenye sanduku, baada ya kumsikia.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Moja, mgombea binafsi aruhusiwe, hukumu ya mwaka 2013 iheshimiwe. Mbili, wagombea wote wa jimbo wasimamishwe jukwaa moja kwa gharama za umma, kila kata, kama tulivyoweza mwaka 1965. Tatu, fomu za vyama zishushwe bei. Chama kinachopokea ruzuku ya kodi zetu hakina sababu ya kuuza nafasi ya kuteuliwa kwa magunia kumi.

Na wewe mpiga kura unayelalamika kwamba mbunge haonekani, jiulize ulipokea nini mwaka wa uchaguzi, na ulimcheka nani.

Kwako mzee wangu wa jembe, popote ulipo: safari ijayo nenda kachukue tena fomu. Wakikucheka, waulize chakula walichokula jana usiku kililimwa na nani.

Nawasilisha.