Malaika Hawatuondolei Wajibu



Watoto wetu wanaokulia hapa Doha husikia habari za malaika mapema sana. Nyumbani hufundishwa sala ya malaika mlinzi kabla ya kulala. Kwa rafiki zao Waislamu husikia habari za Jibrili, wakagundua kwamba ndiye Gabrieli wetu. Hata neno lenyewe, malaika, tumelipokea kutoka Kiarabu, na watu wa dini zote mbili hulitumia. Hilo ni jambo jema. Ila sisi watu wazima tumeanza kulitumia jina hilo kama kisingizio, na hilo ndilo lililonifanya niombe nafasi katika kitabu chetu cha mwaka huu.

Kwanza tukumbuke imani yetu. Malaika si mungu mdogo, wala si roho ya marehemu. Mtoto akifariki husemwa amekuwa malaika. Simlaumu mama anayejifariji hivyo, lakini kwa mafundisho ya Kanisa binadamu hubaki binadamu hata mbinguni. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba malaika ni jina la kazi, yaani mjumbe. Katika Ufunuo, Yohana alipotaka kumsujudia, malaika alimkataza. Wakatoliki huwakumbuka malaika walinzi tarehe 2 Oktoba, na tarehe 29 Septemba Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri humkumbuka Mikaeli. Mjumbe huheshimiwa, anayeabudiwa ni aliyemtuma.

Pili, tutazame mjumbe huyo hutumwa kwa nani. Mara ya kwanza malaika wa Bwana kutajwa katika Biblia, hakutumwa kwa mfalme wala kuhani. Alitumwa kwa Hajiri, mtumishi wa nyumbani kutoka Misri, mjamzito, aliyekimbia mateso ya bibi yake akafika kwenye chemchemi jangwani. Malaika alimwita kwa jina, akamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi.

Nani kati yetu hamjui Hajiri wa leo? Ni binti zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi katika nyumba za watu huku Ghuba. Akipiga simu nyumbani analia, huambiwa avumilie, malaika wake yuko naye. Kisha anaulizwa fedha atatuma lini. Wapo hata wanaomkumbusha kwamba Hajiri aliambiwa arudi kwa bibi yake. Hajiri alirudi na ahadi ya Mungu mkononi. Binti yetu tunamrudisha na nini?

Tunao ujumbe wa kumpelekea, na hauhitaji mabawa. Sheria ya Qatar Na. 15 ya mwaka 2017 inaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na siku moja ya mapumziko kila wiki kwa mfanyakazi wa nyumbani. Tangu 2020 hahitaji tena kibali cha mwajiri ili atoke nchini. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riali 1,000 kwa mwezi. Wengi wao hawajaambiwa.

Kuna atakayesema nimewageuza malaika kuwa maofisa wa ustawi wa jamii. Sivyo. Naamini kwamba malaika alimtoa Petro gerezani, minyororo ikaanguka na lango la chuma likafunguka lenyewe. Lakini tusome sura ya 12 ya Matendo mpaka mwisho. Baada ya njia moja malaika alimwacha. Petro akaenda mwenyewe hadi nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko, akabisha hodi. Ndani watu walikuwa wakimwombea. Roda, mtumishi, aliitambua sauti yake akakimbia kuwaambia; wao wakamwona mwenda wazimu, kisha wakadai ni malaika wake. Huku wakimjadili malaika, mtu mwenyewe alikuwa bado nje anagonga.

Malaika alifungua lango ambalo Petro asingeliweza. Mlango wa nyumba ya ndugu hakuufungua. Huo aliwaachia waliokuwa ndani.

Tangu Kanisa la Mama Yetu wa Rozari lilipofunguliwa Mesaimeer mwaka 2008, tunapo mahali pa kukutana. Majengo ya pale hayana msalaba wala kengele kwa nje, na mgeni hupata shida kujua aingie wapi. Basi Ijumaa, tukimaliza ibada, tusikimbilie magari. Tumtafute aliyesimama peke yake, tumwulize alivyoulizwa Hajiri: jina lake, anakotoka, anakokwenda. Tumpe namba ya simu ambayo itapokelewa hata usiku. Nanyi mlioko nyumbani, binti akilia, msikilizeni kwanza; habari ya fedha ingoje.

Watoto waendelee kumwomba malaika mlinzi. Ila watuone na sisi tukiinuka kwenda kufungua mlango.

Mungu awabariki nyote.