Hesabu Tusizoweza Kuzieleza

 

Katika likizo iliyopita kijana mmoja wa msikiti wetu, anayesoma mwaka wa kwanza wa shahada ya hisabati katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, alirudi Kakola na habari mbili zisizopatana. Kazi zake zote za nyumbani zilipata alama za juu. Mtihani wa mwisho alifeli, na sasa anasubiri mtihani wa marudio. Baba yake, ambaye ada ya mwanawe huitoa katika mawe anayoyapeleka karasha, alimleta kwangu akitaraji nimkemee kwa uvivu. Nilimsikiliza kijana, nikaona si mvivu. Alikuwa akikesha kweli, ila alikuwa akikesha na simu.

Nilimwomba anisomee mojawapo ya kazi zilizosifiwa. Katikati ya uthibitisho palikuwa na mstari usemao kwamba, kwa kuwa mfuatano fulani wa namba una mipaka, basi lazima ukaribie kikomo kimoja. Mimi elimu yangu ya juu niliisoma kwa Kiarabu, na hesabu nilizonazo ni za mirathi na zaidi yake kidogo. Lakini nilimuuliza swali la mtu wa kawaida. Mtu anayekwenda Bugarama asubuhi na kurudi Kakola jioni, kila siku ya maisha yake, hatoki nje ya njia ile. Je, kwa sababu hiyo ipo siku atatulia mahali pamoja? Akanyamaza. Kisha akaandika 1, 0, 1, 0, na kuendelea hivyo hivyo bila mwisho, na mstari ule ukavunjika mbele ya macho yake. Haukuwa mstari wake. Aliunakili kutoka katika programu ya akili mnemba, na aliyesahihisha, akiwa na rundo la karatasi mezani, naye aliupita.

Programu hizi za mazungumzo zilienea tangu tarehe 30 Novemba 2022, pale kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoitoa ChatGPT kwa umma, na baada yake zikafuata nyingine nyingi. Msingi wake ni kukisia neno linalofuata, kwa mujibu wa maandishi mengi mno ambayo zimefunzwa nayo. Tusizidharau. Mwezi Julai 2025, katika maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati iliyofanyika Australia, programu za OpenAI na za Google DeepMind zilifikia alama 35 kati ya 42, ambacho ni kiwango cha medali ya dhahabu. Basi anayesema mashine hizi hazijui hesabu amepitwa na wakati, na anayesema hazikosei hajapata kuzijaribu.

Mimi nilijaribu moja kwa kile ninachokijua. Niliiuliza mirathi ya mwanamke aliyeacha mume, mama, na dada wawili wa baba na mama. Wanafunzi wa faraidh wanalifahamu swali hili: mume ana nusu, mama ana sudusi, dada wana thuluthi mbili, na ukizijumlisha zinazidi kimoja kizima, kwani zinatimia mafungu nane juu ya sita. Hapo hufanyika auli, mali ikagawanywa kwa nane: tatu, moja, nne. Ilijibu sawasawa, kwa maelezo mazuri kuliko niliyowahi kuwapa wanafunzi wangu. Nikaidanganya. Nikaiambia imekosea. Papo hapo iliniomba radhi, ikausifu umakini wangu, ikanipa mgao mwingine ambao ni batili. Je, mwalimu anayeiacha haki kwa kuwa mwanafunzi amekunja uso ni mwalimu wa namna gani?

Wapo ndugu waliotaka msikiti utoe tamko la kuwakataza vijana programu hizi moja kwa moja. Sikubaliani nao, na sababu yangu imo ndani ya hisabati yenyewe. Katika elimu ya hadithi tunamchunguza msimulizi, uadilifu wake na hifadhi yake, kwa kuwa sisi hatukuwapo na hatuna njia nyingine ya kulifikia tukio. Uthibitisho wa hisabati hauhitaji sanadi. Akiuleta mkweli au mwongo, mtu au mashine, kila mstari unasimama au unaanguka mbele ya yeyote aliye tayari kuupima. Kwa hiyo hata msaidizi asiyeaminika anaweza kumfaa mwanafunzi wa hisabati, kwa sharti moja: kupima kufanywe na mwanafunzi. Sharti hilo likiondoka, hakuna alichojifunza, kwani katika somo hili kupima ndiko kusoma kwenyewe.

Jambo hili limekwisha kutazamwa kwa majaribio. Nchini Uturuki, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliwagawa wanafunzi wa hisabati wapatao elfu moja wa shule ya sekondari katika makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Kundi lililopewa programu ya kawaida lilifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 kuliko waliotumia vitabu na madaftari yao tu. Ulipofika mtihani na programu ikaondolewa, kundi lile lile lilianguka kwa asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa programu iliyoelekezwa na walimu itoe vidokezo na ijizuie kutoa jawabu. Mazoezi yao yalikuwa bora kwa asilimia 127, na katika mtihani madhara yale karibu yote yaliondoka. Hao walikuwa wa sekondari, lakini kijana wetu wa chuo alipolisikia jambo hili alisema, "Ustadh, hao ni mimi."

Tena tuwaonee insafu vijana. Mtoto wa huku anasoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza, na chuoni mhadhiri anazungumzia kikomo na mwendelezo mbele ya ukumbi uliojaa. Programu hii anaweza kuiuliza kwa Kiswahili, usiku wa manane, swali ambalo angeona haya kuliuliza mbele ya wenzake, tena mara kumi bila kuchokewa. Hilo si dogo, na anayetaka liondolewe atuambie ataweka nini mahali pake.

Sisi wa Bulyanhulu tunayo sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Tunakumbuka makinikia. Serikali ilizuia usafirishaji wake mwezi Machi 2017, makontena 277 yakakaa katika bandari ya Dar es Salaam, na mwezi Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatangaza kiwango cha dhahabu kilichozidi mara kadhaa kile kilichotajwa na kampuni ya Acacia, nayo kampuni ikakikana. Ugomvi ulimalizwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa katika migodi. Lakini miezi ile, hapa juu ya mgodi wenyewe, ni wangapi kati yetu walioweza kuketi na karatasi wakaipima hesabu ya upande wowote? Tulisubiri redio. Mchimbaji mdogo haukubali mzani wa mnunuzi mpaka ameujaribu. Vipi basi mwanawe arudi na shahada ya hisabati ambayo mizani yake ameiacha ndani ya simu?

Nilikubaliana na kijana yule kwamba programu asiifute. Aiamuru impe madai ya hisabati, mengine kweli na mengine uongo, bila kumwambia lipi ni lipi. Kisha aizime simu, achukue kalamu, na asiifungue tena mpaka ametoa hukumu na hoja yake. Asiandike mstari ambao hawezi kunieleza mimi, nisiyejua somo lake.

Wiki ya kwanza alikwama katika dai hili: mfuatano ambao hatua zake zinazidi kuwa ndogo kuelekea sifuri lazima ufike kikomo. Nilidhani ni kweli. Baba yake pia alidhani ni kweli. Siku ya tatu alinisubiri barazani baada ya Alfajiri, simu ameiacha nyumbani, akachora mchangani kwa kijiti: 1, ongeza 1/2, ongeza 1/3, ongeza 1/4. Akaonesha kuwa 1/3 na 1/4 kwa pamoja zinazidi nusu. Kisha kuanzia 1/5 hadi 1/8 zinazidi nusu nyingine. Kisha nane zinazofuata hali kadhalika, na mafungu hayo hayaishi. Hatua zinapungua na safari haina mwisho. Nilimtaka arudie hatua ya pili, kwa kuwa sikuielewa, naye akarudia.