Masomo ya bure, lakini lugha iko na bei

Mu Kindu, mtoto anauza ndizi kwa Kiswahili, anacheza kwa Kiswahili, anagombana kwa Kiswahili. Akifika mwaka wa tano wa primeri, ubao uko wa Kifaransa. Mwalimu anauliza, yeye ananyamaza. Jirani yake, ambaye baba ni mtu wa biro na nyumbani wanasikilizaka habari kwa Kifaransa, anajibu mbio. Wote wanasema: huyu ana akili, yule hana.

Je, ni kweli? Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu aliita kitu hicho mtaji wa utamaduni: lugha, vitabu na namna ya kusema ambavyo mtoto anavikuta nyumbani. Mwaka 1970, yeye na Jean-Claude Passeron waliandika kwamba shule inapima mtaji huo, kisha inauhesabu kuwa akili. Mtoto wa maskini mwenyewe anaishia kuamini hakuweza. Hapo mamlaka haihitaji tena fimbo.

Na Kiswahili pia kilikuwa lugha ya wakubwa. Kilienea Maniema karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka upande wa pwani, wakakaa Nyangwe na Kasongo. Leo ni lugha ya soko na ya mama. Lugha haizaliwi kubwa; inakuzwa na wenye mamlaka.

Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Tangu 2019, serikali ilianza kutekeleza masomo ya bure ya primeri. Mlango umefunguliwa. Lakini mtihani wa mwisho wa sekondari, Exetat, unafanywa kwa Kifaransa, na kazi ya biro vilevile. Ndiyo maana wazazi wengi wenyewe wanadai Kifaransa mapema. Hofu yao ina msingi.

Basi si kukifukuza Kifaransa. Ni mtoto ajue kwanza kusoma na kuhesabu vizuri kwa lugha anayoielewa, halafu afundishwe Kifaransa kama lugha, polepole, bila kuchekwa.

Siku ya kuchukua pwenti, mzazi anaweza kumuuliza mwalimu jambo moja: mtoto alishindwa hesabu, ao alishindwa lugha ya hesabu?