Michoro ya Utotoni Isiachwe Kabatini

Mashabiki wa timu ya Dallas Cowboys wanaoingia uwanja wa AT&T mjini Arlington, Texas, katikati ya Dallas na Fort Worth, hukuta mchoro mkubwa wa rangi kali uliojaa viumbe vya kubuni. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2009, na mchoro wenyewe, "From a Legend to a Choir", ni kazi ya Trenton Doyle Hancock, mkazi wa Houston. Wengi huupita haraka wakiwahi viti vyao. Wangesimama kidogo wangeona mtu mzima aliyekataa kuaga alichokuwa akikichora utotoni.

Hancock alizaliwa mwaka 1974 na kukulia Paris, mji mdogo wa Texas ulioko kaskazini mashariki ya Dallas, katika familia ya wahubiri wa Kibaptisti. Angali shule ya msingi alibuni shujaa wake, akamwita Torpedoboy. Watoto wengi hubuni mashujaa, kisha daftari likaishia jalalani. Yeye alimrudia Torpedoboy ukubwani, akamwingiza katika visa virefu vya viumbe aliowaita Mounds, nusu mtu nusu mmea. Hadithi za Biblia, vibonzo na wanasesere wa utotoni vyote vimo humo. Mwaka 2014 jumba la Contemporary Arts Museum Houston liliandaa maonyesho ya miaka 20 ya michoro yake.

Wapo wanaodhani kwamba msanii anayerudi kwenye picha za utotoni anakimbia mambo mazito. Hancock anawajibu kwa kazi. Katika mfululizo wake wa "Step and Screw", Torpedoboy, kijana mweusi, anakutana uso kwa uso na watu wa Ku Klux Klan waliovaa vifuniko vyao vyeupe. Shujaa yuleyule wa daftari la shule ndiye anayebebeshwa historia ya ubaguzi wa Marekani, na anaibeba. Mchoro wa kitoto una nguvu hiyo: mtazamaji huusogelea bila woga, kisha akajikuta anatazamana na jambo ambalo angelikwepa.

Sasa swali liwageukie wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Texas hiyohiyo. Kiswahili kinasikika Vickery Meadow mjini Dallas, kinasikika Fort Worth miongoni mwa familia zilizotoka mashariki ya Kongo, kinasikika kusini magharibi ya Houston. Watoto wa familia hizo wanachora, kama watoto wote. Je, wanachora wakiwa wameona nini?

Jibu moja lilichapishwa Marekani kwenyewe zaidi ya miaka 50 iliyopita. Muriel Feelings, mwalimu aliyewahi kufundisha Uganda, na mumewe Tom, mchoraji wa Brooklyn aliyewahi kuishi Ghana, walitoa "Moja Means One" mwaka 1971, kitabu cha kumfundisha mtoto kuhesabu kwa Kiswahili. Mwaka 1974 wakatoa "Jambo Means Hello", cha alfabeti. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, ambayo wachoraji wa vitabu vya watoto nchini humo huiota. Ukifungua kile cha kwanza, moja ni mlima Kilimanjaro, umetanda kurasa mbili kwa rangi tulivu zisizopiga kelele. Tom hakumchorea mtoto mambo mepesi mepesi. Alimchorea mlima kwa uzito uleule ambao angewachorea wazee wake.

Vitabu hivyo viliwalenga hasa watoto weusi wa Marekani waliokuwa wanaitafuta Afrika. Mtoto aliyezaliwa Houston na wazazi kutoka Goma au Morogoro anavihitaji vilevile, lakini anahitaji pia vile alivyosomea mama yake. Mtanzania aliyepita shule ya msingi enzi za vitabu vya "Tujifunze Lugha Yetu" hahitaji kuelezwa mhusika Bulicheka ni nani, wala sungura aliyerukia ndizi akashindwa. Picha zile zilichapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi duni, na bado zimeganda kichwani. Kumbukumbu hiyo watu huichekea wanapokutana sherehani, kisha yakaisha hapo. Ni hasara. Mchoraji chipukizi wa Dallas anayetafuta mstari wake mwenyewe angeanzia hapo kabla ya kuiga katuni za Kijapani, ambazo kila mwenzake darasani anaziiga.

Kwamba inawezekana, John Kilaka ameshaonyesha. Mtanzania huyu alichukua mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, akautia ndani ya vitabu vya watoto. Wanyama wake wamevaa nguo, wanavua samaki, wanakwenda sokoni, wanaibiana na kupelekana mbele ya baraza. Vitabu hivyo vimechapishwa Uswisi na Kanada. Mtindo uliozoeleka kuuzwa kwa watalii ukageuka simulizi.

Texas yenyewe inajua thamani ya jambo hili. Mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Dallas kwenda magharibi upo mji wa Abilene. Meya wake wa zamani, Gary McCaleb, alisoma "Santa Calls" ya William Joyce, hadithi inayoanzia mjini mwake, na kutokana na hilo mwaka 1997 ikazaliwa taasisi ya kitaifa ya sanaa ya vitabu vya watoto. Humo michoro halisi hutundikwa ukutani kama kazi za mabingwa wengine. Abilene pia imepokea wakimbizi Wakongomani, kwa hiyo mtoto msemaji wa Kiswahili anaweza kuingia na kuona mkwaruzo wa kalamu ya mchoraji kwa macho yake.

Wazazi wa Dallas na Houston wanaorudi likizo Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu wabebe vitabu vya picha pamoja na vitenge na majani ya chai. Wachoraji wawaombe dada zao waliobaki nyumbani wapekue makabati. Nao wachapishaji wa Afrika Mashariki wanaochapa upya hadithi za zamani waandike jina la mchoraji kwenye jalada, ukubwa sawa na la mwandishi, ili kijana wa Fort Worth atakayevutiwa na sungura yule ajue ni mkono wa nani uliomchora.